Vimiminika vya Gari: Tununue Jina au Tununue Kiwango?

Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo ilipofika Unyanyembe, karibu na mahali ulipo mji wa Tabora, mizigo ilifunguliwa na biashara ikaanza. Bidhaa moja iliyotakiwa sana ilikuwa kitambaa cha pamba kilichoitwa merikani, kwa kuwa kilitoka Marekani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyopiganwa huko kuanzia mwaka 1861 hadi 1865 viliipunguza bidhaa hiyo, na baadaye viwanda vya Bombay vikatengeneza kitambaa cha namna hiyo hiyo. Jina la merikani lilibaki, ingawa kitambaa kilitoka kwingine. Mnunuzi aliyeridhika na jina pekee aliweza kupata hasara, maana kitambaa kilichojazwa wanga huonekana kizito mkononi, na kikifuliwa mara moja tu wanga hutoka na kuacha nyuzi chache.

Mwenye gari aishiye Mtendeni, mjini Tabora, hukabiliwa leo na swali la aina hiyo. Gari lake, kama magari mengi nchini, lilikuja likiwa limekwisha kutumika Japani. Fundi amemwambia kwamba oili imechakaa. Dukani anaonyeshwa makopo mawili. La kwanza lina jina la kiwanda kilichotengeneza gari lake. La pili lina jina la kampuni ya mafuta asiyoifahamu vizuri, na bei yake ni ndogo. Kando ya makopo hayo lipo pipa ambalo oili yake huuzwa kwa kupimwa lita moja moja. Mtu mmoja atamwambia, "Kaka, usicheze na gari, chukua ya kiwandani." Mwingine atamwambia, "Mzee wangu, oili ni oili, hapo unalipia rangi ya kopo tu."

Shabaha ya somo hili ni kuonyesha kwamba washauri hao wawili wote hawakuuliza swali linalopasa kuulizwa. Swali si kopo ni la nani. Swali ni kopo limekidhi kiwango gani, na kama kiwango hicho ndicho gari linachotaka. Tutaona kwamba kwa baadhi ya vimiminika kopo la bei nafuu ni sawa kabisa na lile la jina kubwa, na kwa vimiminika vingine tofauti ndogo tu yaweza kuua giaboksi au kuondoa breki mteremkoni.

Aina tatu, wala si mbili

Kwanza hapana budi tutenganishe mambo ambayo watu huyachanganya. Iko bidhaa yenye jina la kiwanda cha gari. Iko bidhaa yenye jina la kampuni nyingine ambayo imeandikwa waziwazi viwango inavyokidhi, mahali ilipotengenezwa na tarehe yake. Na iko bidhaa isiyo na asili: ya pipa lisilo na lebo, ya chupa ya maji iliyojazwa upya, au ya kopo bandia lenye jina la kuiga.

Wengi wanaposema kwamba "oili ya kawaida imeniulia injini", ukichunguza utaona kwamba walitumia aina ya tatu na lawama wakaitupia aina ya pili. Ushindani wa haki ni kati ya aina ya kwanza na ya pili. Aina ya tatu haimo katika ushindani huo, hata ikiwa bei yake ni ndogo namna gani.

Nani hutengeneza oili?

Kampuni inayotengeneza magari kwa kawaida haichimbi wala haisafishi mafuta. Wahandisi wake huandika masharti ya oili wanayoitaka, kisha kampuni ya mafuta huitengeneza na kuitia katika makopo yenye jina la gari.

Oili ya injini ina sehemu mbili. Sehemu kubwa, ambayo aghalabu ni kati ya asilimia 75 na 90, ni mafuta ya msingi. Sehemu iliyobaki ni kemikali za nyongeza. Baadhi ya kemikali hizo huosha masizi na kuyazuia yasigande. Nyingine huzimua asidi zinazotokana na kuungua kwa petroli au dizeli. Nyingine huzuia mafuta yasiharibiwe na joto na hewa. Misombo ya zinki na fosforasi huweka utando mwembamba juu ya vyuma vinavyosuguana, ili visilane wakati oili haijafika vizuri.

Kemikali hizo hutengenezwa na kampuni chache sana ulimwenguni. Nne zilizo kubwa ni Lubrizol, Infineum, Afton na Chevron Oronite. Wachanganyaji wa oili, wakubwa kwa wadogo, hununua kwa hao. Kwa hiyo yawezekana kabisa kopo la kampuni isiyo na sifa kubwa liwe na mchanganyiko unaolingana na ule wa kopo la jina kubwa, mradi mchanganyaji ametia kiasi kinachotakiwa na bidhaa yake imepimwa.

Lakini sababu hiyo hiyo ndiyo inayompa mdanganyifu nafasi. Mafuta ya msingi yasiyo na nyongeza hata kidogo yanateleza vizuri, yana rangi nzuri, na yakisuguliwa kati ya vidole yanaonekana mazito. Fundi hodari kuliko wote hawezi kuyatambua kwa macho, kwa pua wala kwa vidole. Kasoro itaonekana baada ya miezi, injini itakapojaa tope jeusi na beringi kuanza kugonga.

Jaribio dogo la karatasi

Msomaji aweza kufanya jaribio lifuatalo. Endesha gari hadi injini ipate joto, uizime, kisha chomoa kijiti cha kupimia oili na udondoshe tone moja juu ya karatasi inayofyonza, kama ile ya kuchujia. Iache karatasi imelala, bila kugusa kitu chini ya tone, kwa muda wa saa kadhaa. Ikiwa weusi umesambaa sawasawa hadi pembeni, kemikali za kutawanya masizi zingali zinafanya kazi. Ikiwa weusi umekusanyika katikati kama doa zito lenye ukingo mkali, na nje yake kuna duara jeupe la mafuta matupu, kemikali hizo zimechoka na oili yapasa kubadilishwa.

Jaribio hili lina mpaka wake. Linatueleza hali ya oili iliyokwisha kutumika. Halitwambii kama oili mpya ni nzuri. Kwa oili mpya hatuna budi kutegemea vipimo vya maabara, na njia ya vipimo hivyo kumfikia mnunuzi ni alama na namba zilizoandikwa juu ya kopo.

Kuisoma lebo ya oili ya injini

Namba kama 10W-30 au 20W-50 hutokana na utaratibu wa SAE, chama cha wahandisi wa magari kilichoanzishwa Marekani mwaka 1905. Namba hizo hueleza mnato, yaani jinsi oili inavyokataa kutiririka. Hazielezi ubora.

Namba iliyo mbele ya herufi W huhusu baridi. Oili ya 20W hupimwa ikiwa katika nyuzijoto 15 chini ya sifuri, na ya 5W katika nyuzijoto 30 chini ya sifuri. Tabora haijui baridi ya namna hiyo. Namba ya pili huhusu mnato wa oili iliyopata joto la nyuzijoto 100. Mnato wa oili ya 30 huwa kati ya milimita za mraba 9.3 na 12.5 kwa sekunde. Wa 40 huwa kati ya 12.5 na 16.3, na wa 50 kati ya 16.3 na 21.9.

Madereva wengi husema, "Kwetu kuna joto, kwa hiyo tutie nzito." Hoja hiyo ina ukweli kidogo tu. Joto la oili ndani ya injini hutokana zaidi na kuungua kwa mafuta kuliko na jua la Oktoba. Injini nyingi za siku hizi zina matundu membamba na mifumo ya kubadilisha nyakati za valvu inayoendeshwa kwa nguvu ya oili yenyewe. Oili nzito kupita kiasi huchelewa kufika juu injini inapowashwa asubuhi. Kitabu cha gari mara nyingi huonyesha mnato unaoruhusiwa kulingana na joto la mahali. Tusitoke nje ya mipaka hiyo. Injini kuukuu iliyolika na inayokula oili yaweza kusaidiwa na mnato mkubwa kidogo, lakini hiyo ni dawa ya ugonjwa, si chakula cha kila siku.

Ubora huelezwa na herufi za API, yaani Taasisi ya Petroli ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1919. Herufi S ni ya injini za petroli, na herufi inayoifuata huonyesha kizazi. Kiwango cha SN kilitoka mwaka 2010 na SP mwaka 2020. Kwa injini za petroli kiwango kipya huweza kutumika mahali pa kile cha zamani. Kinyume chake hakifai. API yenyewe hutahadharisha kwamba oili ya SA haifai kwa injini nyingi za petroli zilizotengenezwa baada ya mwaka 1930, ya SF baada ya mwaka 1988, na ya SG baada ya mwaka 1993. Hata hivyo mtu aweza kukuta kopo jipya, lenye picha ya gari la mashindano, ambalo nyuma yake kwa herufi ndogo limeandikwa SF au hata SA. Kopo hilo halijasema uongo. Ni mnunuzi ambaye hakusoma. Kwa dizeli herufi ya kwanza ni C, kama katika CH-4, CI-4 na CK-4.

Kwa hiyo, ikiwa kitabu chataka 5W-30 ya kiwango cha SN, kopo la kampuni yoyote inayoaminika lenye mnato huo na alama ya SN au SP latosha. Hapa jina la kiwanda cha gari haliongezi kitu ambacho injini itakihisi.

Waendesha bodaboda wajihadhari na jambo moja. Katika pikipiki nyingi oili ya injini ndiyo hiyo hiyo inayoogesha klachi na gia. Oili ya gari yenye alama ya kuokoa nishati yaweza kuwa na kemikali za kupunguza msuguano, na klachi ikaanza kuteleza. Pikipiki ya namna hiyo yataka oili yenye alama ya Kijapani ya JASO MA, hata kama kopo la oili ya gari ni ghali zaidi.

Mafuta ya breki: adui ni maji

Mafuta ya breki yana kiwango kilicho wazi kwa wote, nacho huandikwa DOT 3, DOT 4 au DOT 5.1. Magari ya Japani mara nyingi huandikwa BF-3 au BF-4 juu ya kifuniko cha chupa ya breki, na hizo zalingana na DOT 3 na DOT 4. Kwa kuwa kiwango ni cha wote, hapa pia kopo la bei nafuu lenye kiwango sahihi laweza kufanya kazi sawa na la jina kubwa. Lakini yako mambo ambayo jina halitaponya.

Mafuta haya hutengenezwa kwa kemikali za jamii ya glikoli, nazo hufyonza unyevu wa hewa. DOT 3 isiyo na maji haipaswi kuchemka chini ya nyuzijoto 205 za Selsiasi. Ikifyonza maji kiasi cha asilimia 3.7 hivi, kiwango kinachotakiwa hushuka hadi nyuzijoto 140. Kwa DOT 4 namba hizo ni 230 na 155.

Tumfikirie dereva anayerudi Tabora kutoka Singida akiwa na abiria. Baada ya nyanda za Iramba anateremka Sekenke kwenda katika uwanda wa Wembere. Mguu wake umekaa juu ya breki, na diski zinapata moto mkali. Moto huo hupita katika vyuma na kuyafikia mafuta. Ikiwa mafuta yamezeeka na kujaa maji, yatachemka na kutoa mapovu ya mvuke. Kimiminika hakigandamiziki, na ndiyo sababu mguu wa dereva huweza kuyasukuma mafuta yakafunga breki. Mvuke hugandamizika. Basi dereva atakanyaga, pedali itazama hadi sakafuni, na gari halitasimama. Breki zikipoa, mvuke hurudi kuwa kimiminika na pedali hurudi kuwa ngumu, hata fundi atakayezikagua kesho yake asione ubovu wowote.

Kutokana na hayo twapata kanuni mbili. Kanuni ya kwanza: kopo la jina kubwa lililofunguliwa na kukaa rafuni kipindi chote cha masika ni duni kuliko kopo la kawaida lililofungwa kiwandani. Nunua kopo dogo, lifungue siku ya kazi, na lililobaki usilitunze kwa mwaka ujao. Kanuni ya pili: badilisha mafuta yote ya breki kwa wakati, ambao kwa magari mengi ni kila baada ya miaka 2, badala ya kuongeza juu tu.

Kamwe usitie oili ya injini, haidroliki wala maji katika chupa ya breki. Mafuta ya petroli hata kidogo huvimbisha raba za breki na kuziharibu, na baada ya hapo raba zote hubadilishwa. Tena usidanganywe na ufanano wa namba: DOT 5 ni ya silikoni na haichanganywi na DOT 3, DOT 4 wala DOT 5.1.

Maji ya rejeta

Watu husema kwamba kulanti ni dawa ya nchi za theluji, na kwa kuwa Tabora maji hayagandi, maji ya bomba yatosha. Kuzuia kuganda ni kazi moja tu ya kulanti. Kazi nyingine ni kuzuia kutu na ulikaji wa alumini ambayo vichwa vya injini nyingi hutengenezwa nayo, kulinda pampu ya maji, na kupandisha kiwango cha kuchemka.

Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Katika mwinuko huo maji matupu huchemka katika nyuzijoto 96 hivi, si 100. Kifuniko kizima cha rejeta hupandisha presha, na maji yaliyo chini ya presha ya kilopaskali 100 zaidi ya ile ya hewa hayachemki mpaka yakaribie nyuzijoto 118. Kwa hiyo kifuniko kilicholegea ni hatari kuliko kopo la bei nafuu. Usikifungue kamwe injini ikiwa na moto.

Katika kununua kulanti, tusichague kwa rangi. Rangi ya kijani, nyekundu, pinki au buluu ni rangi ya kupakwa tu, na hakuna sheria ya dunia inayosema rangi ipi ina kemikali ipi. Zipo zinazotumia silikati, zipo za asidi za kikaboni, na watengenezaji wengi wa Japani hupendelea zenye fosfati zisizo na silikati. Kuchanganya aina zisizopatana kwaweza kudhoofisha kinga au kufanya utando unaoziba rejeta. Kopo la kampuni nyingine lafaa ikiwa limetaja aina inayotakiwa na kitabu. Ikiwa aina ya zamani haijulikani, mwaga yote, suuza, kisha tia aina moja. Kulanti isiyokwisha kuchanganywa huchanganywa na maji safi yasiyo na chumvi, aghalabu nusu kwa nusu. Ifichwe mbali na watoto, maana glikoli yake ina utamu na ni sumu.

Giaboksi: mahali ambapo jina lina uzito

Mpaka hapa tumeona vimiminika ambavyo viwango vyake ni vya wote. Giaboksi ya otomatiki ni jambo jingine. Ndani yake zimo klachi zinazoshikana zikiwa zimelowa mafuta, na mhandisi amepanga kwa makini zishikane kwa haraka gani. Kemikali za kurekebisha msuguano ndizo zinazoamua jambo hilo. Kila mtengenezaji ana masharti yake, kama vile Dexron ya General Motors, Mercon ya Ford, au Type T-IV na WS za Toyota. Giaboksi za mkanda, ziitwazo CVT, zina mafuta yao peke yao, na haidroliki ya kawaida ikitiwa humo mkanda huweza kuteleza na kulika.

Mengi ya mafuta hayo ni mekundu. Wekundu ni rangi ya kumsaidia fundi kutambua mahali panapovuja. Hautuambii chochote juu ya msuguano. Fundi anayesema "haidroliki zote ni moja" ameitazama rangi akaiacha kazi.

Hapa tena yapasa kupima maneno ya lebo. Kusema kwamba bidhaa imeidhinishwa na mtengenezaji wa gari ni jambo moja: maana yake mtengenezaji ameipima au amekubali vipimo vyake. Kusema kwamba inakidhi masharti ni ahadi ya muuzaji. Kusema kwamba yafaa kwa magari ya aina fulani ni ahadi nyepesi zaidi. Kopo linalodai kufaa kwa giaboksi zote za dunia tulitazame kwa shaka. Ikiwa hakuna kopo lenye idhini iliyo wazi, basi hapa ndipo mahali pa kulipa bei ya jina la kiwanda, maana giaboksi moja hugharimu makopo mengi.

Giaboksi ya kawaida nayo ina tahadhari yake. Oili ya GL-5 imetiwa misombo mingi ya salfa na fosforasi kwa ajili ya gia za difu zenye mzigo mkubwa. Baadhi ya oili hizo huila shaba na aloi zake, ambazo baadhi ya giaboksi hutumia katika ringi za kulinganisha mwendo wa gia. Mahali palipoandikwa GL-4, tia GL-4. Namba kubwa si lazima iwe ubora mkubwa.

Je, dhamana ya gari itapotea?

Mwenye gari jipya huogopa kwamba akitumia kopo la kampuni nyingine dhamana itavunjwa. Nchini Marekani sheria iitwayo Magnuson-Moss, ya mwaka 1975, humkataza mtengenezaji kumlazimisha mnunuzi kutumia bidhaa ya jina lake kama sharti la dhamana, isipokuwa ampe bure au apate ruhusa maalumu. Sheria hiyo si yetu, lakini hekima yake yafaa: kinachotakiwa kuthibitishwa ni kiwango. Mwenye gari jipya asome masharti ya dhamana yake na atunze stakabadhi. Kwa gari lililokuja likiwa kuukuu swali hilo kwa kawaida halipo tena.

Utaratibu wa kuchagua

Tufuate hatua hizi kila tunapokwenda dukani.

1. Tusome gari kwanza. Kitabu kikikosekana, tusome kifuniko cha oili, kifuniko cha chupa ya breki, kijiti cha giaboksi na kifuniko cha rejeta. Mara nyingi namba inayotakiwa imechorwa hapo.

2. Tuandike namba hizo katika karatasi ikae ndani ya gari. Dereva wa zamu na fundi wa safarini wataihitaji.

3. Tulinganishe namba na kopo, neno kwa neno na namba kwa namba, kabla ya kuuliza bei.

4. Tukague kopo lenyewe: sili ya kifuniko, namba ya fungu la uzalishaji, tarehe, na anwani ya mtengenezaji. Lebo yenye makosa ya tahajia au kifuniko kilichochubuka ni dalili mbaya. Jina kubwa halitukingi na bandia; ndilo linaloigwa zaidi.

5. Tudai stakabadhi. Bidhaa ikitiliwa shaka, Shirika la Viwango Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1975, hushughulikia ubora, na Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, hushughulikia bidhaa bandia. Bila stakabadhi malalamiko hayana miguu.

6. Tutoboe au tuponde kopo tupu la jina kubwa kabla ya kulitupa, ili lisijazwe tena na kurudi dukani.

Hesabu ya mfano

Tuchukue mfano wa kubuni. Gari hutembea kilomita 20,000 kwa mwaka na oili hubadilishwa kila kilomita 5,000, yaani mara 4. Tuseme kopo la jina la kiwanda hugharimu shilingi 100 na la kampuni nyingine lenye kiwango hicho hicho hugharimu shilingi 60. Kwa mwaka la kwanza litakula shilingi 400 na la pili shilingi 240. Shilingi 160 zilizobaki zaweza kununua chujio jipya la oili kila mara, chujio la hewa kwa ajili ya vumbi jekundu la kiangazi, na mafuta mapya ya breki. Gari la pili litakuwa limetunzwa vizuri zaidi. Ama yule anayenunua kopo la bei kubwa, kisha akaahirisha kubadilisha kwa kuwa fedha zimekwisha, amenunua jina na kupoteza injini.

Hitimisho

Kwa oili ya injini na mafuta ya breki, viwango ni vya wote, na kopo nafuu lenye namba sahihi latosha. Kwa kulanti, tutazame aina wala tusitazame rangi. Kwa giaboksi ya otomatiki na ya mkanda, tudai idhini ya mtengenezaji, na ikikosekana tulipe bei ya jina. Kwa kisicho na asili, tusikubali hata kwa bure. Dereva aliyepakia watu wa familia arobaini na kuwateremsha Sekenke amebeba dhamana kubwa kuliko ile iliyoandikwa katika kitabu cha gari, na kuisoma namba juu ya kopo kwachukua muda mfupi kuliko kuwasha injini.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini oili isiyo na kemikali za nyongeza haiwezi kutambuliwa kwa vidole?

2. Kopo moja limeandikwa 20W-50 SF na jingine 10W-30 SP. Gari la mwaka 2008 lataka 10W-30 ya kiwango cha SM. Utachagua lipi, na kwa sababu gani?

3. Eleza kwa nini breki zilizozama mteremkoni huweza kuonekana nzima siku ya pili.

4. Chunguza gari au pikipiki iliyo karibu nawe. Andika namba zote utakazozikuta juu ya vifuniko vyake, kisha uzilinganishe na makopo yaliyotumiwa mara ya mwisho.